Malkia wa Mizizini Anapika Mtori

3 Machi

Masika yameanza. Mvua inanyesha tangu alfajiri na migomba yote imeinamisha majani. Mama mkwe ameniletea bakuli la mtori, supu yetu nzito ya ndizi, nimemaliza, akaleta jingine. Nikamwambia nimeshiba. Akasema, "Wewe umeshiba. Mwenzio je?"

Mwenzio ni Kornelia, hajatimiza hata wiki mbili. Amepewa jina la bibi yake, yaani mama mkwe wangu, ndiyo desturi ya huku kwa binti wa kwanza. Kwa hiyo nyumba hii ina Kornelia wawili, mmoja ananilisha na mwingine namlisha mimi. Baba yake, Tito, yuko kule chini kwenye kiwanda cha sukari, anapanda kuja kwetu akipata mapumziko.

Nimeanza kuandika humu kwa sababu nimeamua kuandika riwaya, na nataka mkono uzoee. Niliishia kidato cha pili. Lakini simulizi za kwenye simu nimesoma nyingi, zile za falme za giza na viumbe wa kutisha, zinazokatwa pale patamu halafu unaambiwa ulipie. Kila mara nilijiambia, hata mimi naweza. Sasa niko uzazini mpaka mwisho wa Mei. Silimi, sikati majani ya ng'ombe, sichoti maji, sipiki. Sidhani kama nitapata tena nafasi ya namna hii maishani.

5 Machi

Nimeandika ukurasa mmoja, nikauchana. Hautishi. Jini langu linaongea kama mwalimu wa zamu.

9 Machi

Mvua usiku kucha. Asubuhi ardhi imedidimia kule nyuma ya zizi, likatokea shimo. Nililiona kupitia dirisha. Shemeji Leodegar alikuja na vijana wakalifunika kwa magogo ya migomba. Mama mkwe akasema ni pango la wazee, walificha humo ng'ombe na watoto wakati wa vita vya zamani, na linaenda mbali chini ya vihamba, mashamba ya migomba ya watu.

Nikamuuliza, "Mama, waliokufa humo ndani walitolewa?"

"Kunywa uji."

"Nauliza tu."

"Flavia, mzazi hatishwi. Mzazi haletewi habari mbaya. Maziwa yana masikio, yakisikia yanakimbia. Ukitoka nje nitakuambia mpaka uchoke. Sasa kunywa."

Nikanywa. Lakini mvuke wa uji ulikuwa usoni mwangu na nikawa namwona Manka. Msichana wangu anaitwa Manka. Ametumbukia chini ya mgomba, ameikuta nchi nzima inayokaa kwenye mizizi, haina jua wala mwezi. Na kule kuna Malkia. Hapigi mtu, hafungi mtu. Anakupikia. Ana mchuzi mweupe, mtamu, kila bakuli ukinywa unasahau mtu mmoja wa juu.

Nimeandika mpaka mkono umeuma.

12 Machi

Nimemsomea Shangazi Elisifa sura ya kwanza kwenye simu, nikarekodi nikamtumia. Shangazi ndiye aliyenilea kule mjini, Pasua, yeye na binti yake Pamela. Presha na miguu kuvimba vimemzuia kuja kumwona mtoto. Yeye hajui kuandika meseji, anasema vidole vyake ni vya kupepeta mchele. Alinijibu kwa sauti, huku anacheka:

"We Flavia! Malkia gani huyo mpole kama katekista? Mimi ningekunywa huo mchuzi nikaomba na wa kubeba. Mfanye anitishe! Halafu huyo Manka, mama yake yuko wapi? Msichana hawezi kutumbukia shimoni na mtu asimtafute."

Ni kweli. Nimempa Manka shangazi, anakaa juu kwenye mdomo wa shimo, anaita jina lake. Manka akisikia jina lake anakumbuka.

13 Machi

Mvua. Mtoto kinyesi kizuri.

18 Machi

Kumbe mama mkwe anasikiliza ukutani nikirekodi. Leo ameingia na bakuli, akasimama.

"Huyo malkia wako anapika mtori?"

"Hapana mama, ni mchuzi mweupe tu."

"Wa ndizi?"

"Wa... mizizi."

"Anaweka mafuta ya ng'ombe?"

"Sijaandika."

"Andika. Mchuzi mweupe bila mafuta ya ng'ombe hauna maana, hata mateka hawezi kunywa." Akatoka. Nimecheka mpaka Kornelia mdogo ameshtuka akaachia ziwa.

Na mafuta nimeyaweka. Sura imekuwa nzuri zaidi.

27 Machi

Tito alikuja jana na sukari, sabuni na bando la wiki nzima. Alimshika mtoto kama anashika yai. Nilimsomea sura ya tatu, akasinzia. Alipoamka akasema inatisha sana.

6 Aprili

Shangazi amelazwa. Pamela alinipigia mwenyewe, akasema ni kuangaliwa tu. Jioni Shangazi akatuma sauti, ndogo, kama anaongea kutoka chumba kingine:

"Ya sita nimeisikia. Hapo Manka anapomsahau yule rafiki yake wa shule nimelia, na mimi silii ovyo. Sasa nataka kujua atatoka au hatoki. Andika haraka kidogo mwanangu. Si kwamba nakukimbiza. Mimi ndiye nakimbizwa."

Nimeirudia mara nyingi. Nimeamua: lazima riwaya hii iishe Shangazi akiwa anasikia. Nitarekodi sura kila baada ya siku mbili. Mwisho ninaujua tayari. Manka anapanda, anatoka shimoni, na shangazi yake yupo pale pale anamsubiri.

8 Aprili

Sura ya saba.

10 Aprili

Hakuna jibu. Mtandao, labda. Mvua kubwa, umeme hakuna.

14 Aprili

Pamela ameandika meseji: "Mama sauti imekauka, daktari amemkataza kuongea. Anasikiliza lakini. Anasema endelea."

Basi nimeendelea. Sura ya nane. Leo nimemleta askari wa Malkia, anaitwa Kobero, analinda njia ya kupandia. Ni kipofu lakini anajua kila mtu kwa harufu. Manka naye nimempa mbwa.

16 Aprili

Redio imeharibika. Jana ilikuwa inasema vizuri tu.

17 Aprili, Alhamisi Kuu

Mama mkwe ameondoka gizani, amejifunga kitenge cheusi. Nikamuuliza anaenda wapi, akasema kuna mgonjwa Himo. Mke wa Leodegar, Evelyn, amekuja kunipikia. Evelyn anapenda maneno, siku nyingine huwezi kumnyamazisha. Leo alipika, akaosha vyombo, akafua nepi, akakaa anaangalia mvua.

Mama mkwe amerudi jioni. Kila siku akiingia anakimbilia kwa mtoto, "wajina wangu, wajina wangu." Leo hakuja. Alienda moja kwa moja kuoga, na maji ya baridi. Ndipo akaingia. Alimbeba mtoto muda mrefu.

Nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Akasema, "Amepumzika."

20 Aprili, Pasaka

Tito yupo. Nyama, ndizi, pombe ya mbege kidogo kwa wageni. Watu wote wananiangalia kwa upole. Sijawahi kupendwa hivi, na sipendi.

Nimeomba simu ya Tito nimpigie Shangazi, yangu haina salio. Akasema yake imezima. Iliita baadaye ikiwa mfukoni mwake.

25 Aprili

Majibu ya Shangazi, anayoyaandika Pamela, yamekuwa ya ajabu. Meseji ya juzi: "Huyo Kobero amuoe Manka. Kipofu hana makuu." Leo, baada ya sura ya kumi: "Huyo Kobero atumbukizwe shimoni. Wanaume wa hivyo tunawajua, wanalinda mlango siyo mtu." Halafu baada ya nusu saa nyingine: "Asitumbukizwe. Apewe nafasi. Ila yule mbwa asife."

Nimejiuliza kama ugonjwa umempanda kichwani. Shangazi Elisifa habadilishi mawazo. Akisema mchele una mawe, una mawe.

30 Aprili

Nimeandika vizuri na sijisikii vizuri. Miezi miwili nilitafuta kitu cha kutisha, nikakitafuta kwenye shimo, kwenye popo, kwenye jina la Ibilisi. Sasa nimekiona na kipo humu ndani. Ni mtu kukuletea bakuli la moto, akakaa mpaka umalize, akakufuta mdomo, na huku kuna kitu anakijua.

Malkia amekuwa mkali zaidi. Nimempa mikono ya mama mkwe, ile minene yenye alama ya panga kwenye kidole gumba. Nimempa na namna yake ya kusema "kunywa." Nikirekodi sipunguzi sauti. Asikie.

3 Mei

Amesikia. Ameleta mtori kama kawaida, una mafuta ya ng'ombe.

4 Mei

Mvua. Kornelia ametabasamu, siyo usingizini, kweli kabisa, kwangu.

9 Mei

Nimemuuliza Evelyn waziwazi, "Shangazi yangu yuko hospitali gani?" Akasema, "Mae! Uji unaungua," akakimbia. Uji ulikuwa haujabandikwa.

Ninajua. Nimeandika neno hili na nimeliangalia. Lakini kila nikirekodi sura, jibu linakuja, na jibu linajua kila kilichotokea, mpaka jina la mbwa. Mtu aliyekufa hajui jina la mbwa. Kwa hiyo naendelea kuandika. Nikiacha kuandika majibu yataacha kuja.

15 Mei

Niandike kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi nilituma sura ya kumi na nne, Malkia anapompa Manka bakuli la mwisho, lile la kumsahau shangazi yake. Jioni ikaja sauti kutoka kwa Pamela. Siyo meseji. Nadhani kidole kiliteleza, maana haikuwa kwa ajili yangu. Sauti za wanawake wengi, wanaongea juu kwa juu, vikombe vinagongana.

Mmoja anasema, "Asinywe! Pamela, mwandikie asinywe!"

Mwingine, "We acha, akinywa ndiyo riwaya. Asiponywa tutaenda nyumbani kufanya nini?"

"Lakini huyu malkia, mh! Kama mama mkwe wangu wa kwanza." Wakacheka wote.

Halafu sauti ya mama mtu mzima, taratibu: "Marehemu angecheka hapo."

Ikakatika.

Nilikaa na mtoto kifuani. Mvua ilikuwa imepungua, matone tu kwenye majani. Sikulia palepale. Nilimwita mama mkwe, akaja anafuta mikono kwenye kanga, nikampa simu asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakaa kitandani pembeni yangu.

"Lini?" nikamuuliza.

"Jumapili ya Matawi. Tulimzika Alhamisi, Uru, kwenye kihamba chao."

"Mama, ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Kila siku! Unaniletea bakuli, unaniangalia machoni."

"Kila siku. Na ningekudanganya tena, mpaka utoke nje. Maziwa hayakukauka. Mtoto ana mashavu."

"Amezikwa bila mimi. Amenilea yule! Hata udongo sijamtupia."

"Ndiyo."

Nilitaka aseme samahani. Nilitaka aape, alie, apige magoti, chochote kile ili nimkasirikie vizuri. Alikaa tu na ile mikono yake magotini. Nikamwambia atoke. Akatoka.

16 Mei

Sijala. Amekuja na bakuli mara tatu, mara tatu nimegeukia ukuta.

17 Mei

Maziwa yamepungua. Kornelia anavuta, anaachia, analia. Amelia mchana mzima. Mama mkwe hajaingia kunisimanga, hajasema "nilikuambia." Nimemsikia jikoni anaponda ndizi.

Jioni nimekula. Sikumtazama.

20 Mei

Sijaandika hata mstari wa riwaya. Tito amepanda kutoka kazini bila ruhusa, amekaa mlangoni kama mgeni. "Mama alisema atabeba yeye lawama yote," akasema. "Mimi nilikuwa naogopa kukuangalia." Nikamwambia hata redio waliyoizima nisisikie matangazo ya vifo ilikuwa na akili kuliko yeye. Akakubali. Huwezi kugombana na mtu anayekubali.

25 Mei

Nimetoka nje.

Jua lilitoka. Mlima ulikuwa wazi mpaka juu, theluji kidogo ile iliyobaki. Mama mkwe alininyoa nywele, akanivalisha gauni jipya na kilemba. Akanieleza kwamba zamani mzazi akitoka alipewa fimbo, akapelekwa sokoni, na watu walimwimbia nyimbo walizowaimbia mashujaa wakirudi vitani. Siku hizi tunaenda misa. Padri alimbariki mtoto, akina mama wakapiga vigelegele, nikalia katikati ya vigelegele na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

29 Mei

Leo nimeenda Uru kwanza, halafu Pasua. Mama mkwe alinisindikiza, amembeba wajina wake mgongoni.

Kaburini bado kuna msalaba wa mbao na mashada yaliyooza kwa mvua. Nilitupa udongo wangu, umechelewa, umelowa, ukabaki vidoleni.

Pasua tulikuta jumuiya ya Alhamisi, wale wanawake wanaokuja kukaa na Pamela tangu msiba. Niliingia wakanitazama.

"Ndiye huyu?"

"Mbona kadogo hivi?"

"Wewe! Ndiye uliyemkata mbwa mguu?"

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, shikamoo baadaye. Manka amekunywa au hajanywa?"

Pamela alinivuta chumbani. Tukashikana, tukalia mpaka tukachoka. Kisha akaniambia. Shangazi aliisikia sura ya saba siku mbili mfululizo, akiwa na kile kifaa cha masikioni. Pale aliposhindwa kuongea sana, alimwambia Pamela: "Flavia akijua ataacha kuandika. Msimwambie mpaka atoke. Na wewe uwe unamjibu." Alimwita mama mkwe wangu hospitalini, akamwagiza vilevile, akamshika mkono mpaka akaapa.

"Msibani ulituma ya nane," Pamela akasema. "Nilikuwa naisikiliza peke yangu uani, wakanisikia nikicheka. Mtu anacheka msibani! Wakataka kujua. Basi tangu siku ile wanakuja."

Njiani kurudi, tulipofika Himo kungoja gari la kupanda, nikamuuliza mama mkwe.

"Kwa nini hukusema ni Shangazi aliyekuagiza? Nilikugeuzia mgongo. Nilikuweka kwenye kitabu na mikono yako."

"Nilisikia. Na kidole gumba."

"Sasa kwa nini?"

Alimvuta mtoto vizuri mgongoni. "Ungemkasirikia marehemu, na marehemu hawezi kukupikia. Mimi nipo. Nikasirikie mimi."

Gari likaja, tukapanda.

31 Mei

Asubuhi nimekata majani ya ng'ombe. Mchana nimeandika. Panga limenitoa lengelenge, kalamu naishika kwa vidole viwili.

2 Juni

Nimeandika sura ya mwisho. Siyo ule mwisho wangu wa zamani.

Manka hakunywa. Alimuuliza Malkia amemficha nini, na Malkia akamwambia ukweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza kabla. Kobero alisogea mlangoni. Manka akapanda mizizi, akapanda, kucha zikang'oka, mbwa mwenye miguu mitatu nyuma yake. Akatokeza juu. Mvua imekwisha. Mdomoni mwa shimo kuna kigoda cha shangazi yake, na nyasi zimeota kukizunguka. Hakuna mtu. Manka akakaa kwenye kigoda, akaita jina lake mwenyewe, ili asisahau. Basi.

Kabla ya kuwarekodia wanawake wa Pasua, nimeenda jikoni. Mama mkwe alikuwa anamenya ndizi. Nimemsomea yote, pole pole, mtoto kwenye ziwa. Nilipofika kwenye kigoda mkono wake ulisimama, kisu kikabaki ndani ya ganda.

Nilipomaliza moshi ulimwingia machoni, akaufukuza kwa kanga.

"Hiyo siipendi," akasema. "Siipendi hata kidogo. Angemkuta shangazi yake kungekuwa na ubaya gani?"

"Nibadilishe, mama?"

Aliniangalia, kisha akamwangalia mtoto, kisha akaendelea kumenya.

"Usibadilishe," akasema. "Wapelekee hivyo hivyo."